Soka au Raga? Namna ya Kulinganisha Watazamaji wa Runinga na Thamani ya Biashara ya Michezo Inayoshindana

Meza ya ofisa wa masoko jijini Nairobi haikosi mapendekezo mawili ya udhamini kila msimu unapokaribia. La soka linadai kwamba mechi za ligi "zinafikia watu milioni 4". La raga linadai kwamba mashindano ya wikendi moja yalivuta "jumla ya watazamaji 600,000". Bosi anataka jibu kufikia Ijumaa.

Nambari hizo mbili haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja. Ya kwanza huenda inahesabu kila aliyepita mbele ya skrini msimu mzima. Ya pili huenda imemhesabu mtu mmoja mara 6 kwa sababu alitazama mechi 6. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na katika biashara ya haki za matangazo ngozi huvutwa kweli kweli. Tatizo ni lile lile pote duniani ambako michezo miwili yenye jina la "football" inagombea mfuko mmoja, na mfano wake bora uko Australia. Huko kandanda ya Kiaustralia (AFL) na raga ya wachezaji 13 (NRL) hutangaziana ushindi kila mwaka, kila upande kwa kipimo chake.

Utahitaji karatasi ya hesabu ya kompyuta, ripoti ya watazamaji ya kila mchezo, ratiba kamili ya msimu, na bei za matangazo za kituo husika. Tenga siku 2, na nyingi ya saa hizo zitaishia kwenye hatua ya pili.

Hatua ya 1: Sema unanunua nini

Anayenunua sekunde 30 za tangazo wakati wa mapumziko anahitaji watu waliokaa mbele ya runinga dakika zile. Anayeweka nembo kwenye jezi anahitaji muda wote wa mchezo, pamoja na picha za magazeti na klipu za simu. Mwenye kituo anayenunua haki anahitaji wateja watakaolipia king'amuzi mwezi baada ya mwezi. Watatu hawa wanaweza kutazama takwimu zile zile wakafikia majibu matatu tofauti, na wote wakawa sahihi. Andika swali lako juu ya karatasi kabla ya kufungua ripoti yoyote.

Hatua ya 2: Fumbua neno "watazamaji"

Vipimo vinavyojificha nyuma ya neno hili ni vinne.

Wastani wa dakika ni idadi ya watu waliokuwa wakitazama katika dakika ya kawaida ya matangazo. Hiki ndicho cha kulinganishia. Kilele ni dakika moja tu yenye watu wengi kuliko zote. Waliofikiwa ni kila mtu aliyetazama japo kwa muda mfupi. Australia huhesabu hata aliyekaa dakika 1. Jumla limbikizi hujumlisha mechi zote, hivyo shabiki mmoja huingia mara nyingi.

Pengo kati ya vipimo hivi si dogo. FIFA ilitangaza kwamba fainali ya Kombe la Dunia ya 2018, Ufaransa dhidi ya Croatia, ilitazamwa na watu bilioni 1.12. Takwimu hizo hizo zilionyesha kuwa wastani wa moja kwa moja ulikuwa milioni 517, yaani chini ya nusu. Zote mbili ni kweli. Lakini ukichukua ile bilioni 1.12 ukaiweka kando ya Super Bowl (fainali ya kandanda ya Kimarekani) ya Februari 2025, iliyopata wastani wa watu milioni 127.7 nchini Marekani, umelinganisha waliofikiwa wa dunia na wastani wa nchi moja. Soka ingeshinda hata kwa hesabu ya haki, ila si kwa mara 9.

Ukitaka kuona mchezo huu unavyochezwa, chukua mfano wa kubuni wa mechi ya soka iliyopewa saa 2 hewani, tuigawe vipande 4 vya dakika 30:

Utangulizi: watu 60,000
Kipindi cha kwanza: 220,000
Mapumziko na mwanzo wa kipindi cha pili: 180,000
Mwisho wa mechi: 260,000

Wastani ni 720,000 kugawanya kwa 4, yaani 180,000. Sasa kituo kinaamua kuusajili utangulizi kama kipindi kinachojitegemea. Wastani wa "mechi" unaruka hadi 220,000, na hakuna mtu hata mmoja aliyeongezeka. Muuzaji mwingine atakuandikia 260,000, kilele. Wa tatu atakuandikia waliofikiwa, tuseme 410,000. Mechi ni moja, na kila nambari katika hizo nne inaweza kutetewa.

Kwa hiyo, kwa kila nambari unayoletewa, uliza maneno matano: wastani, wapi, nani, dakika ngapi, kituo gani. Isipojibiwa, itie rangi nyekundu kwenye karatasi yako na usiiingize kwenye hesabu. Jihadhari zaidi na maneno "wanaoweza kufikiwa". Hayo huhesabu nyumba zote zenye king'amuzi, pamoja na zile zilizokuwa zikitazama tamthilia.

Hatua ya 3: Chunguza kapu lililopimiwa

Kwa miaka mingi nambari iliyotangulia kwenye vichwa vya habari Australia ilihesabu miji mikuu 5: Sydney, Melbourne, Brisbane, Adelaide na Perth. Raga ya wachezaji 13 ina mashabiki wengi katika miji midogo ya Queensland na New South Wales, ambayo haikuwa ndani ya kapu hilo. Ukihesabu miji 5, AFL inapendeza. Ukiongeza mikoani, NRL inapanda. Kisha mwaka 2024 vituo vikaanza kutanguliza waliofikiwa kitaifa, na nambari zote zikavimba kwa usiku mmoja. Anayechora mstari kutoka 2023 hadi 2024 bila kusema hivyo anachora mlima ambao haupo.

Marekani nako kapu lilibadilika. Nielsen, kampuni inayopima watazamaji huko, ilianza kuingiza waliotazama nje ya nyumba zao mwaka 2020, kisha ikapanua eneo la kipimo hicho kabla ya Super Bowl ya 2025. Sehemu ya "rekodi" za karibuni inatokana na mizani mipya.

Hapa kwetu tofauti ni kubwa zaidi. Uingereza, Marekani na Australia hutumia vifaa vilivyofungwa kwenye runinga za kaya teule, vinavyorekodi dakika kwa dakika. Takwimu nyingi za Kenya zinatokana na kumbukumbu: mtu anaulizwa kwa simu au ujumbe mfupi alitazama nini jana. Kumbukumbu hupendelea kitu kikubwa. Aliyetazama nusu saa ya Mashemeji Derby, Gor Mahia dhidi ya AFC Leopards, ataikumbuka. Aliyepitia Kenya Cup ya raga Jumamosi mchana huenda akasahau.

Kuna pia ukubwa wa sampuli, na hapa ndipo raga huonewa au hupendelewa kwa bahati nasibu. Tuseme watu 400 wamehojiwa Nairobi na asilimia 2 wanasema walitazama raga. Hao ni watu 8. Kwa kiwango cha kawaida cha uhakika cha asilimia 95, ukweli uko kati ya karibu asilimia 0.6 na 3.4. Wiki hii 8, wiki ijayo 12, na mtu anaandika ripoti kwamba raga imekua kwa asilimia 50. Dawa ni kuunganisha wiki 8 au zaidi kabla ya kutoa nambari moja. Mchezo wenye asilimia 20 hauyumbi kiasi hicho: kosa lake ni takriban asilimia 4 juu au chini, sehemu ya tano ya nambari yenyewe.

Kagua dai lolote dhidi ya sensa. Sensa ya 2019 ilikuta kaya milioni 12.1, na asilimia 40.7 zilikuwa na runinga inayofanya kazi. Hizo ni kaya kama milioni 4.9, kwa wastani wa watu 3.9 kwa kaya, unapata watu milioni 19. Runinga zimeongezeka tangu hapo, lakini anayedai kwamba mechi moja ya ligi ya nyumbani ilikuwa na wastani wa milioni 4 anasema zaidi ya mtu 1 kati ya 5 wa kundi hilo alikuwa akitazama. Inawezekana Harambee Stars wakicheza robo fainali. Jumatano alasiri, mechi ya katikati ya jedwali? Hapana.

Kisha kuna vibanda. Skrini moja ya Githurai au Kawangware yenye watu 60 haionekani kwenye hesabu ya kaya. Ukitaka kuikisia, tembelea vibanda 10 vya mitaa tofauti, hesabu vichwa dakika ya 15, ya 60 na ya 85, kisha chukua wastani. Uweke kwenye safu yake peke yake, usiuchanganye na wa nyumbani. Sababu ni ya kibiashara: refa akipuliza mapumziko, kibanda kinatoka nje kutafuta chai na mtura, sauti inapunguzwa, na tangazo lako linatazamwa na viti. Nembo ya jezi, kwa upande mwingine, inanufaika kikamilifu na vichwa hivyo 60.

Hatua ya 4: Badilisha kila kitu kuwa saa za watazamaji

Zidisha wastani wa dakika kwa saa za matangazo. Hapo ndipo mashindano ya siku nzima na mechi ya saa 2 yanapokutana.

Mechi yetu ya soka: 180,000 mara saa 2 ni saa 360,000. Sasa chukua siku moja ya raga ya wachezaji 7 kila upande. Kila mechi ni dakika 14 tu za mchezo, lakini siku ina mechi nyingi, tuseme saa 8 hewani kwa wastani wa watu 40,000. Hizo ni saa 320,000, karibu sawa na soka, ingawa wastani ni chini ya robo.

Usiishie hapo. Gawanya saa hizo kwa waliofikiwa. Soka: 360,000 kwa 410,000, kila mtu alikaa dakika 53. Raga, ikiwa ilifikia watu 150,000: kila mtu alikaa saa 2 na dakika 8. Soka imekupa watu wengi walioiona bidhaa yako kidogo. Raga imekupa wachache walioiona mpaka wakaizoea. Bidhaa mpya ya kununuliwa dukani na kila mtu inahitaji ya kwanza. Bima au mkopo wa gari, vitu vinavyohitaji kuelezwa na kurudiwa, vinaweza kufaidika na ya pili. Kwa maoni yetu hii ndiyo hesabu yenye faida kuliko zote katika mwongozo huu, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Mashirika nayo hubadilisha vipimo njiani. Kombe la Dunia la Raga la 2019 lilitangazwa kwa watazamaji milioni 857. La 2023 likatangazwa kwa saa bilioni 1.33 za kutazama. Ukiona bilioni 1.33 kando ya milioni 857 ukadhani raga imekua kwa zaidi ya nusu, umelinganisha watu na saa.

Hatua ya 5: Pesa za haki, kwa mechi na kwa saa

Tafuta thamani ya mkataba, gawanya kwa miaka, gawanya kwa mechi, kisha kwa saa. Turudi Australia. Mkataba wa AFL wa 2025 hadi 2031 una thamani ya dola bilioni 4.5 za Australia, yaani karibu milioni 643 kwa mwaka. Wa NRL wa 2023 hadi 2027 unakadiriwa kuwa takriban milioni 400 kwa mwaka. Msimu wa 2025, AFL ilikuwa na timu 18 zikicheza mechi 23 kila moja: mechi 207, na za mtoano 9, jumla 216. NRL ilikuwa na timu 17 zikicheza mechi 24 kila moja: 204, na za mtoano 9, na 3 za State of Origin, yaani Queensland dhidi ya New South Wales. Jumla 216 vile vile.

Kwa mechi, AFL inapata karibu dola milioni 2.98 na NRL milioni 1.85. Tofauti ya asilimia 60! Sasa angalia saa. Mechi ya AFL ina robo 4 za dakika 20, saa husimamishwa mpira ukitoka, na pamoja na mapumziko inakula saa 2 na nusu. NRL ni dakika 80 za mchezo, hewani kama saa 1 na dakika 45. Kwa saa moja ya hewani, AFL ni milioni 1.19 na NRL milioni 1.06. Tofauti imeshuka hadi kama asilimia 12. Sehemu kubwa ya pesa zilizozidi zinalipia urefu wa mchezo wenyewe, pamoja na matangazo yanayoingia baada ya kila goli.

Mitego ya hatua hii ni hii. Sehemu ya thamani ya mikataba inaweza kuwa nafasi za matangazo za bure badala ya taslimu. Vifurushi hubeba pia ligi za wanawake, ambazo hukuzihesabu. Na mikataba mirefu hupanda taratibu, kwa hiyo wastani wa miaka 7 haukuambii malipo ya mwaka wa kwanza.

Ligi Kuu ya Uingereza ilitangaza Desemba 2023 mkataba wa ndani wa paundi bilioni 6.7 kwa misimu 4 kuanzia 2025/26, mechi hadi 270 kwa msimu. Hiyo ni karibu paundi milioni 6.2 kwa mechi, ila ndani ya kiasi hicho mna pia haki za vipindi vya muhtasari. NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, kwa mikataba ya takriban dola bilioni 110 kwa miaka 11 na mechi 272 za msimu wa kawaida, inakaribia dola milioni 37 kwa mechi, na inapungua kidogo ukiingiza za mtoano. Anayesimama hapo atasema Waamerika wamewaacha Waingereza mbali. Lakini pesa za NFL ni za nyumbani karibu zote, ilhali Ligi Kuu ya Uingereza katika mzunguko wa 2022–25 iliuza haki za nje kwa zaidi ya za ndani. Sehemu ya pesa hizo inatoka Nairobi, kwenye malipo ya king'amuzi cha mwezi.

Saa za ukutani zinaeleza mengi. Mechi za Jumamosi za Uingereza huanza hapa saa 11 jioni, au saa 12 wakati wa baridi kwao. Super Bowl huanza saa 8 na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Mechi ya AFL ya Ijumaa usiku huko Melbourne hutua hapa mchana, watu wakiwa kazini. Mchezo wenye thamani kubwa nje ni ule unaotua jioni ya watu wengine.

Karibu na kwetu: mkataba wa Azam na shirikisho la soka la Tanzania, uliotiwa saini 2021, ulikuwa wa shilingi za Tanzania bilioni 225.6 kwa miaka 10. Kwa ligi ya timu 16, mechi 240, ni kama shilingi milioni 94 kwa mechi. Ule wa Kenya wa 2023, dola milioni 9.15 kwa miaka 7 na mechi 306 kwa msimu, ni karibu dola 4,300 kwa mechi. Hata ukibadilisha sarafu kwa ukarimu, Dar es Salaam inalipwa mara kadhaa zaidi. Huo si ushahidi kwamba Mkenya hapendi mpira. Simba na Yanga zinauza ving'amuzi; Mkenya mwenye king'amuzi amekinunua kwa ajili ya Arsenal.

Hatua ya 6: Bei kwa walengwa wako

Chukua bei ya tangazo la sekunde 30, igawanye kwa kila watazamaji 1,000 wa wastani. Kwa mfano wa kubuni: soka sh. 60,000 kwa watu 180,000 ni sh. 333 kwa kila 1,000. Raga sh. 20,000 kwa watu 40,000 ni sh. 500. Soka ni rahisi.

Lakini tuseme unauza huduma ya benki kwa vijana wenye ajira mjini, na utafiti unaonyesha hao ni asilimia 15 ya watazamaji wa soka na asilimia 45 wa raga. Soka inabaki na walengwa 27,000, raga 18,000. Bei kwa kila 1,000 inakuwa sh. 2,222 na sh. 1,111. Jibu limegeuka kichwa chini miguu juu. Kwa hiyo asilimia ya walengwa ndiyo nambari ya kudai kwa nguvu zaidi, na ndiyo wauzaji huikisia kwa macho. Rudia hesabu kwa asilimia 10 na 25 kwa soka, 30 na 50 kwa raga. Jibu likibadilika, bado huna jibu.

Kwa jezi, rekodi mechi 3, chagua vipande vya dakika 10 mwanzoni, katikati na mwisho, kisha kwa saa ya kusimamisha hesabu sekunde ambazo nembo inasomeka. Ikisomeka dakika 6 kwa mechi, ni sawa na matangazo 12 ya sekunde 30. Kwa sh. 60,000 hiyo ni sh. 720,000, lakini usilipe hivyo. Nembo inayopita haifanyi kazi ya tangazo kamili. Zidisha kwa 0.1 hadi 0.3. Kwa 0.2 unapata sh. 144,000 kwa mechi. Ripoti za wadhamini zinazotumia 1 kamili ni za kurudisha.

Hatua ya 7: Angalia nani mwingine analipa

Kodi ya kamari ilipopandishwa hadi asilimia 35 mwanzoni mwa 2018, kampuni ya kamari ya SportPesa ilifuta udhamini wake wa michezo nchini, soka na raga kwa pamoja. Watazamaji hawakupungua siku ile. Bei ndiyo iliporomoka. Kwa hiyo orodhesha wadhamini wa miaka 5 iliyopita kwa kila mchezo na sekta zao. Mchezo unaotegemea sekta moja kwa zaidi ya nusu ya mapato yake una bei isiyotokana na watazamaji, na huo ni mwanya wako wa kujadiliana.

Ukifika mezani, omba mkataba wa mwaka 1 wenye haki ya kwanza ya kuongeza miaka 2, na kipengele kinachopunguza malipo endapo mechi zilizoonyeshwa moja kwa moja zitapungua chini ya asilimia 80 ya ratiba. Kitaje kipimo kwa jina: wastani wa dakika, chombo kile kile, eneo lile lile, pamoja na muda kamili wa matangazo kuanzia utangulizi.